Mteremko wa umbali gani? Kwa wanaoanza kazi ya ramani

Kukokotoa mteremko kwa QGIS, programu ya kutengeneza ramani, hakuchukui hata dakika tano. Unafungua faili la mwinuko, unaingia menyu ya Raster, kisha Analysis, kisha Slope, unabonyeza Run, na ramani ya kijivu inatokea. Ugumu ni kwamba programu hii haina tabia ya kukataa. Ipe vipimo visivyolingana, itakokotoa. Ipe data iliyopima vichwa vya miti badala ya udongo, itakokotoa. Jibu litatoka na desimali zake nyingi, utadhani kuna mtu alipanda kilima na kamba mkononi.

Kila msimu wa mafunzo kwa vitendo tunapokea wanafunzi hapa Mbale, mashariki mwa Uganda. Wengine wanatoka Makerere na Kyambogo, wengine wanavuka mpaka kutoka Bungoma na Kisumu, na kwa kuwa si wote wanaojua Luganda, na Lumasaaba ndio kabisa, kazi inakwenda kwa Kiswahili. Wengi wao wanajua vitufe kuliko mimi. Kinachowapita ni swali la kuuliza kabla ya kugusa kitufe: mteremko huu ni wa umbali gani? Kilima hakina mteremko mmoja. Mkulima aliyesimama shambani kwake Bududa, kwenye mabavu ya Mlima Elgon, anaona ngazi aliyoichimba kwa jembe, mita mbili tambarare na mita moja wima. Aliyeko ng'ambo ya bonde anaona ubavu mzima wa kilima. Setilaiti inaona vipande vya mita 30. Wote watatu wakikutajia namba, utapata namba tatu tofauti, na hakuna aliyekudanganya.

Pikseli tisa

Kabla hujaiachia kompyuta, kokotoa pikseli moja, yaani kimoja cha vile vipande vya setilaiti, kwa mkono. Chukua karatasi kabisa. Hizi hapa pikseli tisa, kila moja ina upana wa mita 30, na namba ni vimo kwa mita, kaskazini ikiwa juu:

1640  1652  1663
1634  1645  1657
1629  1640  1650

QGIS usipoibadilishia chochote hutumia njia ya Horn, iliyochapishwa mwaka 1981. Inaanza na safuwima ya mashariki, ambapo pikseli ya katikati inahesabiwa mara mbili: 1663, jumlisha 1657 mara mbili, jumlisha 1650, inakuja 6627. Safuwima ya magharibi kwa mtindo huohuo ni 6537. Tofauti ni 90. Igawanye kwa upana wa pikseli mara 8, yaani 240, upate 0.375. Sasa nenda kusini na kaskazini: 6559 kutoa 6607 ni hasi 48, ukigawanya kwa 240 unabaki na hasi 0.2. Zidisha kila jibu kwa lenyewe, jumlisha yote mawili, tafuta kipeuo cha pili. Unapata 0.425. Huo ni mteremko wa asilimia 42.5, au nyuzi 23.

Umekiona kile kimo cha katikati, 1645? Hatukukigusa. Hata kingekuwa 1700 kwa makosa ya rada, pikseli yenyewe ingebaki na nyuzi zake 23 na majirani zake wanane ndio wangeharibika. Ndiyo maana dosari moja kwenye data ya mwinuko hutokea kwenye ramani ya mteremko kama pete. Ukiona pete ndogo nyekundu yenye tundu katikati, usianze kutafuta kreta. Rudi kwenye data yako.

La pili ni umbali. Kutoka katikati ya pikseli ya magharibi hadi katikati ya ile ya mashariki ni mita 60, si 30. Chukua ukuta wima wa mita 80 kwenye majabali ya Wanale, yale unayoyaona ukiwa mjini Mbale: 80 kugawanya kwa 60, programu itakuambia nyuzi 53. Mtu akianguka pale hatajali kwamba ramani yako inasema nyuzi 53. Na matuta ya Kabale, yale yanayopigwa picha na kila mgeni, hayamo kabisa kwenye data ya mita 30, kwa sababu ngazi kadhaa zinaingia ndani ya pikseli moja na kulainishwa kuwa mteremko mmoja mnyoofu. Kwa kawaida kadiri pikseli inavyokuwa kubwa ndivyo milima inavyolala. Ukikuta ripoti mbili za kilima kilekile, moja ya pikseli za mita 90 na nyingine za mita 30, usishangae ya kwanza ikionyesha ardhi ya upole zaidi.

Kwenye dirisha la Slope kuna kisanduku cha kuchagua fomula ya Zevenbergen na Thorne badala ya Horn. Wanafunzi hupenda kunibana kwa swali hilo. Kiacheni. Horn inavumilia data yenye makunyanzi, na data zetu zina makunyanzi. Tofauti kati ya fomula hizo mbili kwenye milima hii ni ndogo ukilinganisha na tofauti inayotokana na data unayoichagua.

Digrii na mita

Faili la SRTM, data ya mwinuko iliyopimwa kwa rada kutoka angani, ukilipakua linakuja na pikseli zilizopimwa kwa longitudo na latitudo, huku vimo vikiwa kwa mita. Pikseli moja ni sehemu moja ya 3600 ya digrii. Ukibonyeza Slope bila kusema lolote, programu inaweza kuchukua hiyo 0.000278 kama umbali wa mlalo, na kila kilichopanda mita moja kinakuwa ukuta. Ramani nzima inasimama karibu nyuzi 90, hadi wilaya tambarare za Kumi na Soroti. Kosa hili ni rahisi kulitambua, kwa hiyo halinitishi sana.

Dawa ya kawaida ni kuhamisha data kwenda UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kwanza, kisha ndipo ukokotoe. Dawa ya mkato ni kuandika 111120 kwenye nafasi ya uwiano wa vipimo vya wima na mlalo, ambayo ni idadi ya mita katika digrii moja, kwa kukadiria. Vitabu vya Ulaya vinaionya njia hii ya mkato, na vina haki, kwa sababu kule digrii ya longitudo imesinyaa mno. Sisi ikweta inapita Kayabwe. Hata ukienda mpaka Kaabong, kaskazini mwa nchi, digrii ya longitudo haijapungua hata asilimia moja. Kwa Uganda njia ya mkato inafanya kazi vizuri. Ila angalia: ukitumia kile kifaa kingine cha Slope kilichoko kwenye kisanduku cha Processing, chini ya Raster terrain analysis, hapo kinachotakiwa ni kizidisho cha kimo, kwa hiyo unaandika kinyume chake, 0.000009. Ukiandika 111120 pale, umerudi kwenye kuta.

Bahati hiyo ya ikweta inatufundisha tabia mbaya. Kuna watu hapa wanakokotoa mteremko kwenye projeksheni (namna ya kuilaza dunia kwenye karatasi) ile ya ramani za mtandaoni, namba 3857, na wanapata majibu sahihi, kwa sababu karibu na ikweta projeksheni hiyo haivuti sana. Siku mtu huyo akipewa kazi ya London, ambako urefu unavutwa zaidi ya mara moja na nusu, vilima vitalala na hataelewa kwa nini.

Kuhusu kanda za UTM, punguzeni hofu. Sehemu kubwa ya Uganda iko kanda ya 36, kaskazini ikiwa namba 32636 na kusini mwa ikweta 32736. Mpaka na kanda ya 35 ni longitudo ya digrii 30, na mji wa Kabale umekaa karibu juu ya mstari huo. Kisoro, Bwindi na vilele vya Rwenzori viko upande wa 35. Mwanafunzi akipewa wilaya inayokatwa na mstari huo huanza kuigawa vipande viwili. Usiigawe. Ukiipeleka yote kanda ya 36, umbali utavutwa kwa kiasi kisichofika sehemu mbili za elfu, na mteremko hautahisi. Vilevile ukiiweka Mbarara kwenye kanda ya kaskazini utapata namba hasi za kusini-kaskazini. Zinachukiza macho, lakini mteremko ni uleule.

Mahali pa kuwa na hofu ni Arc 1960. Ramani zetu za zamani za 1:50,000, na viwianishi vingi vilivyoandikwa kutokana nazo, vimejengwa juu ya datamu hiyo, yaani msingi wa kupimia mahali duniani, wakati SRTM iko kwenye WGS84, datamu inayotumiwa na GPS. Ukichanganya bila kubadilisha, vitu vinahama takriban mita 300, ambazo ni pikseli kumi. Mteremko wenyewe utakuwa sahihi. Utakachokosea ni shule: utaisoma kwenye ubavu wa kilima wakati iko bondeni, na hakuna rangi ya ramani itakayokuonya. Ukichora mwinuko kutoka kontua, mistari ya vimo, za karatasi hizo za zamani, soma pembeni kama zimeandikwa kwa futi. Zikiwa kwa futi, zidisha vimo kwa 0.3048 kabla ya kitu kingine chochote.

Kuunganisha na kuhamisha

Vigae vya SRTM ni vya digrii moja kwa moja, na jina la kigae ni kona yake ya kusini-magharibi. Mbale iko N01E034. Mji wa Bududa uko juu kidogo tu ya latitudo ya digrii moja, kwa hiyo wilaya yake imekatwa: nusu N01E034, nusu N00E034. Kwa Kisoro utahitaji S02E029, si S01, maana kona ya kusini ya kigae iko digrii mbili chini ya ikweta. Unganisha vigae kwanza, ndipo ukokotoe. Ukikokotoa kila kigae peke yake kisha ukaviunganisha, utaachiwa mstari mtupu katikati ya Bududa, kwa kuwa pikseli za ukingoni hazina majirani wa kutosha. Kukata kwa mpaka wa wilaya ni kazi ya mwisho, kwa sababu hiyohiyo.

Unapohamisha kwenda UTM, programu inakuuliza namna ya kusampuli upya, yaani kuzipa pikseli mpya vimo kutoka kwa zile za zamani. Chaguo linalokuja lenyewe ni la jirani wa karibu, na hilo ni zuri kwa ramani za matumizi ya ardhi, kwa mwinuko ni sumu. Baadhi ya vimo vinarudiwa, vingine vinarukwa, na ukiangalia faili la mwinuko lenyewe huoni kitu. Ukishakokotoa mteremko, mistari inajitokeza kama nguo ya kaniki iliyofumwa vibaya, wima na mlalo, ikikata milima na tambarare sawasawa. Chagua bilinear au cubic. Na siku zote tengeneza hillshade, kivuli cha milima, kabla ya mteremko. Macho yako yanajua mlima unavyofanana, na kivuli kinafichua mistari, ngazi na matundu ambayo namba zinayaficha.

Data iliona nini

Hapa ndipo ningetaka mtumie muda wenu wote, muda ule mnaoupoteza kwenye fomula.

SRTM ilipimwa na rada iliyobebwa na chombo cha anga Endeavour, siku 11 za Februari 2000. Data yake ya mita 30 kwa Afrika ilifunguliwa mwaka 2014. Kabla ya hapo tulikuwa na ile ya mita 90. Kwanza, ona huo mwaka. Maporomoko yaliyofukia Nametsi, Bududa, tarehe 1 Machi 2010 na kuua mamia ya watu, hayamo. Ukikokotoa mteremko wa Nametsi kwa SRTM unapata kilima kilivyokuwa kabla ya kuporomoka, na kwa utafiti wa chanzo cha maporomoko hilo ndilo unalolitaka. Kwa kupanga nani ajenge wapi leo, silo. Data ya Copernicus ya mita 30 ilitokana na setilaiti mbili za Kijerumani zilizopima kati ya 2011 na 2015. Imekuja baada ya Nametsi, lakini kabla ya maporomoko ya Bukalasi ya Oktoba 2018.

Pili, rada haipimi udongo. Kwenye msitu mnene mawimbi yanarudi kutoka mahali fulani ndani ya majani. Katikati ya Bwindi si shida kubwa, kwa sababu msitu wote umeinuka pamoja. Shida ni ukingoni, ambako mashamba yanakutana na miti ghafla bila hata uchochoro. Mwinuko bandia wa mita 15, ukigawanywa kwa zile mita 60, unazaa nyuzi 14 za mteremko usiokuwepo, na unazaa mstari mzima unaofuata mpaka wa hifadhi. Nimeona ripoti ikieleza mstari huo kama ufa wa kijiolojia. Mashamba ya mikaratusi yanafanya vilevile, tena mabaya zaidi, maana yanapandwa na kukatwa, na data ya mwaka huu haikubaliani na ya mwaka ule. Copernicus nayo ina miti na majengo. Ipo data iitwayo FABDEM, iliyotengenezwa kutokana na Copernicus kwa kuondoa miti na majengo, na kwa Elgon na Kigezi, milima ya Kabale na Kisoro, ningeanzia hapo. Soma masharti yake kama kazi yako ni ya biashara.

Tatu, tambarare. Vimo vya SRTM vimeandikwa kwa mita kamili, bila desimali. Milimani hujui tofauti. Kando ya Ziwa Kyoga, ardhi inashuka mita moja kwa mamia ya mita, na data inakupa ngazi: pikseli nyingi za sifuri, kisha ukingo wa karibu nyuzi moja, kisha sifuri tena. Mtu akitaka kujua maji ya kinamasi yanaelekea wapi, ramani hiyo haimsaidii, na mafunjo yenyewe yana urefu kuliko tofauti anayoitafuta. Tumia Copernicus, ambayo vimo vyake vina desimali, na hata hapo usiamini nyuzi chini ya moja.

Rangi, asilimia, na mkubwa wako

Nyuzi 45 ni asilimia 100. Hii watu wanaisahau, wanadhani asilimia 100 ni ukuta. Nyuzi 15 ni karibu asilimia 27, nyuzi 30 ni karibu asilimia 58. Ukipewa kazi inayosema "ardhi yenye mteremko zaidi ya 30", piga simu uulize 30 ya nini, kabla ya kuwasha laptopu. Wahandisi wa barabara wanamaanisha asilimia, watu wa mazingira inategemea. Na usibadilishe wastani: wastani wa nyuzi ukiugeuza kuwa asilimia haulingani na wastani wa asilimia, kwa hiyo kokotoa upya kutoka kwenye pikseli.

Wastani wenyewe siupendi. Parishi, yaani kundi la vijiji, yenye bonde pana na genge moja ina wastani sawa na parishi ya vilima vya upole, na watu wanaishi chini ya genge. Toa eneo katika kila daraja la mteremko, uone hekta ngapi ziko wapi.

Rangi nazo zina hila. Programu hunyoosha rangi kulingana na data iliyopo, kwa hiyo pikseli kali kuliko zote za Kumi zinapata wekundu uleule wa Bududa. Weka madaraja yako kwa mkono na uyatumie yaleyale kwenye kila wilaya. Halafu jiandae kwa mkubwa atakayeonyesha kidole kwenye wekundu na kusema hapo ndipo patakapoporomoka. Mara nyingi wekundu uliokolea kabisa ni jabali tupu lisilo na udongo wa kuporomoka. Udongo unakaa kwenye miteremko ya kati, kwenye vijibonde vinavyokusanya maji ya mvua, mahali ambapo mtu amekata ukingo ili apate kiwanja cha nyumba. Mteremko ni safu moja kati ya nyingi. Mwambie hivyo mapema, kabla ramani haijaingia kwenye mkutano wa wilaya.

Kosa jingine la wakubwa ni barabara. Wanakuomba mteremko wa barabara ya Kabale kwenda Kisoro, unawapa ramani ya nyuzi 30, wanashtuka. Barabara haishuki kilima moja kwa moja, inakikata kwa mshazari na kuzunguka. Ramani ya mteremko inaonyesha ukali wa njia ambayo maji yangeshuka, si wa njia ambayo lori linapanda. Kwa barabara, weka nukta kando ya mstari wake kila mita mia moja hivi, soma vimo, gawanya tofauti kwa umbali wa barabara. Usitumie nukta zilizo karibu sana, la sivyo utakuwa unapima makosa ya data.

Nenda

Chukua klinomita, kifaa cha kupima pembe ya mteremko, au hata simu yenye programu ya kupima pembe iliyowekwa juu ya mti mnyoofu, uende ukapime. Chagua mahali pasipo na miti, mteremko usiobadilika kwa mita 60 au zaidi, upige kutoka chini hadi kwa mwenzako aliye juu, ukilenga kimo cha macho yako mwilini mwake. Ukipima mita tatu mbele yako unapima matuta ya vitunguu. Usitumie vimo vya GPS ya mkononi kwa umbali mfupi. Makosa yake ya wima yanaweza kuzidi tofauti unayoitafuta. Mpitie mwenyekiti wa kijiji kwanza. Mtu anayelenga vifaa kwenye shamba la kahawa la mwingine bila salamu atahisiwa kuwa amekuja kunyang'anya ardhi, na Bududa, ambako watu wamekwisha kuambiwa wahame, hisia hiyo ina sababu.

Vipimo vyako na vya kompyuta havitalingana. Zikipishana nyuzi tatu au nne, ni kawaida. Zikipishana kumi, simama hapohapo uangalie: kuna mikaratusi jirani, kuna korongo jembamba kuliko pikseli, au viwianishi vyako ni vya Arc 1960. Andika ulichokiona. Ukirudi ofisini, chini ya ramani andika jina la data, mwaka ilipopimwa, ukubwa wa pikseli, projeksheni, na kama namba ni nyuzi au asilimia, na uviweke hivyo pia kwenye jina la faili, kwa sababu ramani huchapishwa na kukatwa pembeni, ila faili litafunguliwa na mwanafunzi wa mwakani.